Shehena Nne za Kuni

Mzee Aatos Rimpiläinen wa Kuhmo
alipiga simu Jumatatu, kahawa haijachemka.
Hakufoka. Aliuliza taratibu,
kama mtu anayeuliza saa:
"Binti, ninyi huko Oulu
mnadhani nahisi baridi kiasi gani?"

Uani kwake zilikuwa shehena nne,
kuni za mbetula, zimepangwa
hadi dirisha la jikoni likaingia kiza,
naye hajalipa hata senti.

Nikaufungua msimbo. Niliuandika mwenyewe,
mwezi wa sita, usiku ule usiojua giza,
nikijiona fundi.
Jaribu, niliiambia seva, kata pesa kwenye kadi.
Benki ikigoma, daka kosa lisianguke,
lisipasue ukurasa mbele ya mteja.
Kisha toa maneno mekundu yenye adabu:
Samahani, malipo hayakupita. Tafadhali jaribu tena.

Na hapo, chini ya adabu,
palihitaji neno moja. Toka.
Herufi nne.
Sikuliandika.

Maana kompyuta haina aibu.
Kosa likishadakwa, kwake limekwisha;
inavuka mabano kama mtu aliyeruka dimbwi,
inakung'uta viatu, inashika njia:
mstari wa themanini na saba, sajili oda,
themanini na nane, punguza ghala,
themanini na tisa, mwamshe dereva.
Juu inaomba radhi,
chini inapakia lori.

Mzee akasoma Samahani. Ni mtu mtiifu.
Akajaribu tena.
Akasoma Samahani. Akapangusa miwani,
akaiingiza namba ya kadi kwa kidole kimoja,
akajaribu tena.
Mara ya nne akaizima mashine,
akavaa soksi jozi mbili, akalala.

Jumatano lori likaja. Alhamisi likaja.
Ijumaa Veikko dereva alishusha mzigo bila salamu.
Jumamosi hata mbwa
hakuona sababu ya kubweka.

Neno nililiweka saa nne na dakika tano asubuhi.
Nikajaribu kwa kadi mbovu.
Samahani, ikasema skrini.
Kisha kimya.
Ghala halikupungua, dereva hakuamshwa,
nami nikakaa, vidole juu ya vitufe,
nikikisikiliza kile kimya
kama anayesikiliza bomba lililoacha kuvuja.

Bosi wetu, Hilkka, akasema: mwandikie mzee.
Nikaandika: Samahani, Mzee Aatos, kosa ni langu.
Nikaendelea.
Kwamba benki ilibadilisha mfumo bila kutuambia.
Kwamba mwenzangu yuko likizo ya uzazi
na kazi ya wawili naifanya peke yangu.
Kwamba, kitaalamu, kosa lilidakwa;
tatizo ni kilichofuata.
Aya ya tatu nilishaanza kumgeukia yeye:
mtu mzima, kwa nini abonyeze mara nne?

Nikaliona lori linapakiwa.

Yuko mtu mmoja Rovaniemi
aliyewahi kupokea samahani yangu
pamoja na malori yote yaliyoifuata.
Sina namba yake siku hizi.

Nikakishika kitufe cha kufuta,
nikarudi nyuma neno kwa neno:
mara nne, mtu mzima, kitaalamu,
likizo, benki,
hadi nukta ya kwanza.
Nikaishia hapo. Nikatuma.

Jibu likaja saa tisa alasiri,
nje giza limeshatanda, theluji inaanza:

"Shehena moja nitalipa, kadi mpya imefika.
Tatu njooni mchukue, barabara ikiruhusu.
Kahawa ipo.
Moto upo."